Treni iliyoishia Kamanyola, na mbao zinazobeba reli

Wakaaji wengi wa Bukavu, na hata vijana wa jamaa zilizokimbia kutoka bonde la Ruzizi, hawajui kwamba zamani treni ilipita katika bonde hilo. Wakati wa Wabelgiji, kampuni ya reli ya Kivu, CEFAKI, ilijenga njia kutoka Kalundu, bandari ya Uvira, hadi Kamanyola, karibu kilomita 90. Treni zilianza kutembea mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Nia ilikuwa kufika Bukavu, mji ulioitwa wakati huo Costermansville. Lakini Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi juu ya bahari, na Ziwa Kivu liko mita 1,460. Sehemu kubwa ya mpando huo inaanza baada ya Kamanyola. Treni ikabaki chini, mizigo ikapandishwa na magari kupitia mlima wa Ngomo.

Reli haisimami kwa chuma peke yake. Vyuma viwili vinalala juu ya mataruma, ambayo wengine huyaita travesi. Kazi yake ni kubeba uzito na kuzuia vyuma visiachane. Katika reli nyingi za Kongo, nafasi kati ya vyuma ni milimita 1,067. Taruma la mbao likiliwa na mchwa au likioza kwa maji, misumari hulegea, nafasi inapanuka, na gurudumu linaanguka ndani. Ndiyo sababu sehemu nyingi za Afrika walichagua mataruma ya chuma.

Kubadilisha mbao kunahitaji uvumilivu. Wafanyakazi huondoa kokoto pembeni, hung'oa misumari, huvuta taruma bovu kwa ubavu, huingiza jipya, kisha hushindilia kokoto tena. Hawang'oi yanayofuatana yote kwa mara moja. Wanaruka mengine, ili njia iendelee kubeba treni.

Kazi hiyo ikiahirishwa, watu wanalipa. Septemba 2019, treni iliacha reli huko Mayibaridi, jimbo la Tanganyika, na watu wakapoteza maisha. Si kila ajali inatoka kwa mataruma, lakini hakuna njia ya zamani iliyo salama bila kuyakagua.

Reli ya Kamanyola ilifungwa mwaka 1958, na vyuma vikaondolewa. Tangu hapo, anayetoka Uvira kwenda Bukavu kwa upande wa Kongo anategemea barabara ya taifa namba 5. Jamaa zinazokimbia na mizigo kichwani zinajua maana yake: barabara ikikatika, hakuna njia ya pili.

Barabara nayo ina mataruma yake: mifereji, madaraja, udongo wa kujaza mashimo. Yakibadilishwa moja moja kwa wakati, njia inaishi. Yakiachwa yote yachakae, siku ya kukimbia inakuta njia imekufa.