Kifuani mwa Mama: Habari ya Watoto Njiti wa Bogotá

Kila tarehe 15 Mei, siku ya kuiadhimisha huduma ya kangaruu, husambazwa picha za akina mama waliowabeba watoto njiti vifuani, na aghalabu husahauliwa kwamba jambo hilo, ambalo leo halimshangazi mkunga yeyote, lilizaliwa na dhiki likakulia katika ugomvi.

Mwaka 1978, katika Instituto Materno Infantil, hospitali ya mafukara mjini Bogotá, Kolombia, tabibu Edgar Rey Sanabria aliona watoto wawili hata watatu wakilazwa katika mashine moja ya joto na kuambukizana maradhi, ilhali mama zao, waliotengwa nao, baadhi yao walikwisha kuwatelekeza. Akaagiza mtoto avuliwe nguo, abakizwe kofia na nepi, awekwe wima baina ya matiti ya mama, ngozi kwa ngozi, afungwe kwa kitambaa, anyonyeshwe, na akipata nguvu arudi nyumbani angali kifuani. Baadaye Héctor Martínez akaungana naye.

UNICEF ikaitangaza habari hiyo, na mzozo ukazuka. Mwaka 1985 Andrew Whitelaw na Katharine Sleath waliandika katika jarida la The Lancet kwamba hesabu ya waliookoka haikuwa ya haki, maana waliofariki siku za mwanzo, kabla ya kubebwa, hawakutiwa hesabuni. Hoja hiyo ilikuwa sahihi, nami siwalaumu walioitoa. Lawama ni ya walioifanya kisingizio cha kuidhania ngozi ya mama kuwa dawa ya wasio na mashine. Whitelaw mwenyewe, katika jaribio lililochapishwa mwaka 1988, alikuta kwamba mama waliowapakata watoto hivyo walinyonyesha kwa muda mrefu zaidi, na watoto wao walilia kidogo walipotimiza miezi sita.

Ithibati nyingine ikatoka Bogotá kwenyewe, kwa Nathalie Charpak na wenzake, waliofuatilia watoto 746 na, baada ya miaka 20, wakawakuta waliolelewa kifuani hawana ukali wala papara kama wenzao.

Mwaka 2021 utafiti wa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulionyesha kwamba watoto waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa walifariki asilimia 12, dhidi ya 15.7 ya wengine. Walakini utafiti huo ulimpa mama kitanda ndani ya wodi, kando ya mwanawe mahututi, na hicho ndicho hospitali zetu nyingi bado zinamnyima.