Barua za Hadaa na Amana ya Fedha

Hapana biashara ya fedha iliyosimama pasipo uaminifu, wala hapana uaminifu ulioota mahali ukakosa kufuatwa na ayari mwenye tamaa ya kuuvaa kama joho lisilo lake. Barua pepe zinazojitia kuwa zimetoka kwa mashirika ya malipo ya intaneti hazikuzaliwa na uovu wa zama zetu peke yake. Kanuni za kupeleka barua hizo, alizoziandika Jonathan Postel mwaka 1982, zilitungwa kwa ajili ya wanazuoni na mafundi wachache ambao aghalabu walijuana, kwa hiyo hazikumlazimisha mwandishi kuthibitisha jina alilolitia juu ya barua yake. Na mlango ulioachwa wazi kwa wema ndio walioupitia wezi.

Katikati ya miaka ya 1990, vijana waliotumia huduma ya America Online huko Marekani walijifanya watumishi wa shirika hilo, wakawataka wateja maneno yao ya siri na namba za kadi kwa kisingizio cha kusahihisha hesabu. Programu iitwayo AOHell iliwarahisishia kazi, hata shirika likalazimika kutangaza kwamba hakuna mtumishi wake atakayemwuliza mteja neno la siri.

Hila hiyo ilipata shamba lenye rutuba zaidi ilipotokea PayPal, iliyotoka katika kampuni ya Confinity iliyoanzishwa mwaka 1998; kwani hapo mtu aliweza kumpelekea mwenziwe fedha kwa kujua anwani yake ya barua pepe tu. Benki ya zamani ilikuwa na jengo, dirisha na karani ambaye sura yake ilifahamika. Lakini shirika hili jipya lilionana na mteja wake kwa maandishi, na aliyeweza kuiga maandishi aliweza kuliiga shirika zima. Mwaka 2000 palizuka tovuti ambayo mwisho wa jina la PayPal iliweka I kubwa badala ya l ndogo, herufi mbili ambazo katika chapa nyingi jicho haliwezi kuzipambanua. Mwaka uliofuata walaghai waliwaendea wateja wa E-gold, huduma nyingine ya malipo ya intaneti. Na mwezi wa Novemba 2003, mwaka mmoja baada ya PayPal kununuliwa na eBay, soko la mtandaoni, kirusi cha Mimail kilisambaza barua zilizodai kwamba akaunti ya mteja i karibu kwisha muda wake, zikimfungulia dirisha la bandia la kujaza namba ya kadi. Hofu na haraka ndizo zilizokuwa silaha, maana mtu anayeambiwa kwamba mali yake inapotea hapati nafasi ya kuhoji.

Mafundi hawakulala. Mwaka 2007 ilitolewa kanuni ya DKIM, inayotia juu ya barua sahihi iliyo ngumu kughushiwa. Na mwaka 2012 PayPal, Google, Microsoft, Yahoo na wengine wakatangaza DMARC, inayomwezesha mwenye jina kuagiza kwamba barua zisizothibitika zikataliwe. Dawa hizo zililinda jina lenyewe, lakini hazikuweza kuzuia jina linalofanana nalo, wala kuondoa hofu katika moyo wa msomaji.

Afrika Mashariki, ambako M-Pesa, huduma ya kutumiana fedha kwa simu, ilianza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, hadaa hiyo ilivaa ujumbe mfupi wa simu: “ile hela tuma kwenye namba hii.” Aliyenaswa huchekwa, naye kwa haya huficha msiba wake, na ufichaji huo humpa laghai usalama wa kumwendea jirani. Kumcheka ni dhuluma, kwa kuwa alilotenda ni kumjibu yule aliyemdhani mlinzi wa amana yake. Wajibu wa kwanza ni wa mashirika yanayoshika fedha za watu: yasimtake mteja siri yake kwa barua wala kwa simu, yamwambie hivyo kila mara, na amri hiyo wasiivunje hata watumishi wao wenyewe, maana mteja aliyezoezwa kutoa siri kwa mwenye haki hataweza kumnyima mwizi.