Ziwa Linaloondoka na Kurudi

Anayenunua kitoweo sokoni Sumbawanga huchagua kati ya maziwa mawili. Dagaa na migebuka wamepanda kutoka Kasanga, Ziwa Tanganyika. Gege na kambale waliobanikwa wamekuja kwa barabara ya Muze na Ntendo, kutoka Ziwa Rukwa. Mji wenyewe uko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na maziwa hayo yamelala chini yake, moja magharibi, jingine mashariki. Nyuso zake zinakaribia kulingana: Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi, Rukwa mita 800 hivi. Chini ya uso, hayafanani kabisa. Tanganyika linazama hadi mita 1,470. Rukwa ni la mita chache tu, na mahali pengi upondo wa mvuvi hugusa tope.

Wataalamu wa samaki walilikimbilia lile lenye kina. Mwingereza J. E. S. Moore alifika Tanganyika mara mbili kabla karne ya 19 haijaisha, mwenzake Cunnington akamfuata mwaka 1904, na mwaka 1946 Wabelgiji wakaja na msafara mzima, Max Poll akiwa miongoni mwao, wakapima, wakavua na kuandika mabuku. Walikuwa na sababu nzuri. Ziwa lile lina mamia ya aina za samaki, na nyingi hazipatikani pengine popote duniani. Rukwa likaachwa lingoje, na historia ninayoisimulia ni ya hilo lililongoja.

Kwanza lieleweke lilivyo. Maji huingia Rukwa na hayatoki. Songwe na Momba huyaleta kutoka kusini, Rungwa na Kavuu kutoka kaskazini, na vijito vingi huporomoka kwenye ukingo wa Lyambalyamfipa. Baada ya hapo mwenye kuyachukua ni jua peke yake, naye huyaacha magadi. Mvua ikiwa nzuri miaka kadhaa mfululizo, ziwa hupanuka na kumeza nyasi kilomita kwa kilomita, kwa sababu bonde ni tambarare. Mvua ikipungua, hurudi nyuma vivyo hivyo. Maelfu ya miaka iliyopita, nchi ilipokuwa na unyevu zaidi, lilijaa hadi likafurika kupitia upande wa Karema na kumwagika Tanganyika. Leo njia hiyo ni kavu, nalo ziwa liko chini sana ya kingo zake za kale.

Ndiyo maana wageni wa kwanza waliandika habari zisizopatana. Mwaka 1880 Joseph Thomson, Mskochi, aliliona akiwa juu milimani, maji yametanda chini yake. Miaka miwili baadaye Mjerumani Emil Kaiser alivuka sehemu ya kaskazini ya bonde hilo kwa miguu, maana palikuwa pakavu. Msomaji wa Ulaya aliyeweka taarifa hizo mbili mezani angedhani mmoja wao amekosea. Wote wawili walisema kweli. Mwenyeji wa bondeni hangeshangaa, kwa kuwa babu yake alilima mahali ambapo yeye anavua.

Samaki wa Rukwa waliingia katika vitabu vya sayansi kwa mkono wa daktari. Friedrich Fülleborn, tabibu wa jeshi la kikoloni la Wajerumani, alipita hapo mwaka 1899 akikusanya kila kilichoweza kuhifadhiwa. Samaki wake walisafirishwa hadi Berlin, na mwaka 1903 Franz Hilgendorf na Paul Pappenheim wakachapisha maelezo yao. Gege wa Rukwa akapewa jina la ziwa lake, rukwaensis, na gogogo wa huko naye akapewa jina hilo hilo. Hilo lilikuwa jambo kubwa, kwani samaki asiye na jina hawezi kutetewa mbele ya sheria. Hata hivyo samaki aliyekufa ndani ya chupa hakuambii anazaa wapi, anakula nini, wala anafanya nini maji yanapokimbia.

Maswali hayo yalianza kuulizwa mwaka 1936. Waliokuja kuyauliza walikuwa wanawake wawili vijana, Kate Ricardo na Janet Owen. Ricardo alizaliwa mwaka 1912, akasoma Cambridge. Baba yake, Harry Ricardo, alikuwa mhandisi maarufu wa injini. Walifanya kazi Rukwa, kisha Bangweulu katika nchi ambayo leo ni Zambia. Ripoti juu ya samaki na uvuvi wa sehemu hizo mbili ilitoka London mwaka 1939, na mwaka huo huo Ricardo akachapisha utafiti wake juu ya samaki wa Rukwa. Baadaye alishiriki uchunguzi wa Ziwa Nyasa, na uzeeni akawa mkuu wa chuo cha Lucy Cavendish huko Cambridge.

Ninapenda kukumbuka walifika katika wakati gani. Mwaka 1929 ziwa lilikuwa limebaki na urefu wa kilomita 48 tu. Mwaka 1939 lilikuwa na kilomita 128, upana wake 40. Wanawake wale walikuja katikati ya safari hiyo, maji yakiwa yanarudi. Ziwa walilolichunguza halikuwa la jana yake, wala halingekuwa la kesho yake.

Kwa samaki, kurudi kwa maji ni karamu. Nyasi zilizokauka na samadi ya wanyama waliolisha bondeni huoza majini na kuyarutubisha. Vijimea vya majini huongezeka, wadudu hufuata, na maji mapya ya pembezoni, yenye kina kifupi na joto, huwa malezi ya watoto wa samaki. Gege dume huchimba kiota mchangani au topeni kwenye maji hayo mafupi. Jike hutaga, kisha huyakusanya mayai kinywani na kuyalea humo, na hata watoto wakishaanguliwa hukimbilia kinywani mwa mama hatari inapotokea. Kwa hiyo anayemvua jike mmoja wakati wa kulea amebeba kizazi kizima ndani ya kinywa kimoja. Na kokoro linaloburutwa pembezoni hufuta viota vyote lilivyopitia, hata kama siku hiyo halikutoka na gege hata mmoja.

Kambale ana mbinu nyingine. Mvua za kwanza zikinyesha hupanda kwenye mito na mbuga zilizofurika, hutaga kwenye majani, na kurudi. Maji yakimwacha nyuma, hana pupa ya kufa: ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kupumua hewa, naye huvumilia topeni pale ambapo gege angekwisha siku ya kwanza. Katika ziwa linaloondoka na kurudi, kambale ndiye anayebaki kulinda nyumba.

Bonde lilipokuwa kavu halikukaa bure. Nyasi zilizoota mahali maji yalipokimbia zilikuwa mazalia ya nzige wekundu, na Rukwa likahesabiwa miongoni mwa sehemu chache za Afrika ambako makundi yao huanzia. Kati ya mwaka 1930 na 1944 nzige hao walikula mashamba sehemu kubwa ya kusini mwa bara hili. Mwaka 1949 likaundwa shirika la kimataifa la kuwadhibiti, makao yake Abercorn, ambayo leo ni Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wa kusini wa Ufipa, nyanda za juu zenye mji wa Sumbawanga. Hapo historia inachukua mkondo ambao wapenda samaki wengi hawaujui. Waliofuatilia kwa subira kupanda na kushuka kwa Ziwa Rukwa walikuwa watu wa nzige. Donald Gunn wa shirika hilo aliandika mwaka 1956 historia ya ziwa na nzige kwa pamoja. Mwenzake Desmond Vesey-FitzGerald alisoma nyasi za bonde hilo, akaonyesha jinsi tembo na nyati wanavyokanyaga nyasi ndefu na kuwafungulia njia wanyama wadogo zaidi. Katika hesabu yao, maji, nyasi, mdudu na mnyama vilikuwa mambo ya familia moja. Samaki naye ni wa familia hiyo.

Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziliyajaza maziwa ya Afrika Mashariki karibu yote, na Rukwa likafurika nalo. Samaki wenyewe walingoja zaidi: mwaka 1996 ndipo Lothar Seegers, Mjerumani, alipochapisha kitabu kizima juu ya samaki wa Rukwa na mito yake yote, humo akitaja aina mpya zilizokuwa zimejificha vijitoni. Hazina nyingine ya bonde hili, basi, haiko ziwani. Iko kwenye maji yanayoshuka kutoka Ufipa, ambako mkulima akikata miti ya kingo, udongo unaoteremka hufunika mawe wanayoishi samaki hao wadogo.

Hapa ndipo nina neno na wanaopanga usimamizi wa uvuvi. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Katika ziwa lenye kina na msimu unaojirudia kila mwaka, kalenda ya namna hiyo ina mantiki. Mwendo wa Rukwa hauishii ndani ya mwaka. Una miaka ya njaa na miaka ya shibe. Idadi ya mitumbwi ambayo ziwa linaibeba wakati maji yamejaa inaweza kulimaliza yanapopungua, samaki wote wakiwa wamesongamana kwenye dimbwi moja na nyavu zikiwa zile zile. Kipimo cha matundu ya nyavu kinafaa. Lakini nguzo ya kupimia kina cha maji, inayosomwa kila wiki na kuandikwa daftarini bila kuruka miaka, ingestahili heshima sawa na boti ya doria.

Kuna pia hatari isiyoondoka maji yakirudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba perege wa kigeni, akiwemo sato wa Mto Naili, wameenea katika mabonde mengi ya mito ya Tanzania, wakiwa wamehamishwa na watu kwa ajili ya mabwawa na maziwa. Perege wa jamii moja huchanganya damu. Gege aliyeandikwa Berlin mwaka 1903, ambaye naye ni perege, alivumilia magadi, ukame na jua kwa vizazi visivyohesabika, lakini hana ulinzi dhidi ya ndoa hiyo.

Huko Muze, mvua za kwanza zikishuka, watoto hutangulia mtoni kabla ya watu wazima. Maji ni mekundu kwa udongo wa Ufipa, na ndani yake kambale wanapanda.