Nafsi ya kiooni

Nafsi ya kiooni ni dhana ya sosholojia inayoeleza jinsi mtu anavyojenga taswira yake mwenyewe kupitia macho ya wenzake. Aliyeitoa ni Charles Horton Cooley wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1902. Kwa Cooley, mtu huwaza jinsi anavyoonekana, huwaza jinsi anavyopimwa, kisha huona fahari au haya. Neno zito hapa ni “huwaza”: kinachomjenga au kumbomoa mtu si hukumu yenyewe, bali ile anayoidhania. Msichana mwenye gauni jipya akipita barazani na wazee wakanyamaza ghafla, atarudi ndani kujitazama upya. Kumbe wazee walikuwa wakihesabu kete za bao.

Kabla ya Cooley, mwaka 1890, mwanasaikolojia William James alikuwa na hesabu yake ya jinsi mtu anavyojiona: kujithamini ni mafanikio yakigawanywa kwa matarajio. Hesabu kavu, lakini mfano wake una uhai. Yupo bondia anayeona aibu ya kufa kwa kuwa wa pili duniani, ilhali mnyonge anayeshindwa na kila mtu, aliyekwisha kuacha zamani kujaribu, hana kinachomsumbua.