Mubashara: Asili na Uzito wa Neno

Mtazamaji wa leo hulisoma neno "mubashara" pembeni mwa skrini na kuelewa kuwa tukio linarushwa wakati uleule linapotendeka. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi uliozaa pia "bashara", yaani ngozi ya mwanadamu. Kitenzi cha mzizi huo kilimaanisha kugusana ngozi kwa ngozi, kisha kulitenda jambo kwa mkono wako mwenyewe. Mafakihi walilitumia neno mubashara kumtofautisha mtendaji na msababishaji. Runinga za Kiarabu zikaliambatisha na matangazo ya papo hapo, na Waswahili wakalipokea, likakaa kando ya "moja kwa moja".

Hata hivyo, "moja kwa moja" hueleza njia isiyopinda, ilhali mubashara humtoa aliye katikati. Hilo ndilo lililogombewa Tanzania Januari 2016, Serikali ilipotangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote vya Bunge mubashara, kwa hoja ya gharama. Vipindi vilivyorekodiwa vingeonyeshwa usiku. Wananchi wangeendelea kuwasikia wabunge wao, lakini kwanza wangepitia mkononi mwa mhariri.