Nyumba za OCA, na sisi tunaopanga

Bandugu, ukipita Ruashi hapa Lubumbashi utaona zile nyumba ndogo za kufanana. Wazee wanaziita tu "nyumba za OCA". Ni Office des Cités Africaines, serikali ya kikoloni iliiunda mwaka 1952. Kule Kinshasa ilijenga Matete na Bandalungwa. Mutu analipa pole pole, mwisho nyumba inakuwa yake. Haikuwa huruma, hapana: Mbelgiji alitaka wafanyakazi karibu na kazi lakini mbali na mtaa wa wazungu. Hata hivyo shule, soko na barabara vilipangwa pamoja na nyumba.

Kisha uhuru, kazi ile ilizimika. Sheria ya 1973 ikasema udongo wote ni wa Serikali, na hati ya parsele haitoki ku komine. Sasa bourgmestre akitaka kujengea vijana, atajenga wapi? Na feza gani?

Mimi nilipomaliza agronomia nilitafuta chumba. Mwenye nyumba akaomba garanti ya miezi 6. Sheria ya 2015 inasema 3. Nikamuonyesha ku telefone, akacheka. Nililipa na feza ya mbegu za mahindi. Ule mwaka sikulima.