Mto wa Moto wa Yatta na Mvua ya Ukambani

Mtu asimamaye karibu na Kibwezi, katika nchi ya Makueni, akatazama upande wa mashariki ng'ambo ya mto Athi, huona kama ukuta mrefu ulionyooka, na juu yake ni sawasawa kama meza. Huo ndio uwanda wa Yatta. Huanzia upande wa mlima Ol Doinyo Sabuk, ukaandamana na mto Athi kwa urefu wa kilomita zipatazo 300, hata ukaishia katika mbuga ya Tsavo. Upande wa pili wa ukuta huo ni nchi ya Kitui.

Katika nchi hizi mbili, kila mwaka ufikapo mwezi wa Septemba, watu wote huulizana swali moja: je, mvua itanyesha? Mito ya Tiva na Thua huwa ni mchanga mtupu, na migunga husimama bila majani. Mkulima hutazama mawingu yakipita juu ya kichwa chake, asipate hata tone. Swali hilo ni la uhai na mauti, na ni la zamani sana. Lakini wachache wajuao kwamba sehemu kubwa ya jibu lake imeandikwa katika jiwe la Yatta lenyewe. Katika insha hii tutajaribu kulisoma jiwe hilo.

Yatupasa kwanza kuzijua pepo zetu. Watu wa pwani wamezijua tangu kale na kuzipa majina. Tangu Desemba hata Machi huvuma kaskazi, itokayo Uarabuni na Bara Hindi. Ndiyo iliyoleta majahazi Mombasa, Lamu na Unguja. Tangu Aprili au Mei hata Septemba huvuma kusi, ambayo iliyarudisha majahazi hayo makwao. Baina ya pepo hizi mbili kuna majira ya tangambili, ambapo upepo hulegea na kugeuka. Ndipo hewa yenye unyevu wa bahari inapopata nafasi ya kupanda juu, ikapoa, na kuwa mvua. Kwa hiyo tuna masika, kuanzia Machi hata Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hata Desemba. Wakamba huita masika uua, na vuli huita nthwa. Katika Kitui na Makueni ni vuli ndiyo inayotegemewa zaidi. Masika mara nyingi huwadanganya wakulima.

Sasa fikiri jambo la ajabu. Kusi hutoka baharini, nayo imejaa unyevu. Huvuma miezi mitano au sita. Mbona basi haituletei mvua? Asubuhi za Juni na Julai katika Ukambani ni za baridi na mawingu mazito. Watu hujifunika mablanketi, pengine hupata manyunyu vilimani, kisha jua hutoka na mawingu yakatoweka. Bara Hindi, katika miezi iyo hiyo, mvua hunyesha kwa nguvu hata mito hufurika. Upepo ni ule ule. Ulipita kwetu kwanza, ukaenda kumwaga maji kwa wengine.

Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa hali ya hewa aitwaye Findlater alichunguza vipimo vya upepo huo, akaona kwamba haukutawanyika ovyo. Ulikuwa kama mto wa hewa, wenye kasi kubwa, upitao kimo cha mita kama 1,500 juu ya bahari. Mto huo huvuka ikweta juu ya nyanda kame za mashariki ya Kenya, ukapita Somalia, kisha ukapinda kuelekea Bara Hindi. Kwa nini upite hapo, wala usipite katikati ya Afrika? Kwa sababu upande wa magharibi umezibwa. Nyanda za juu za Kenya na Ethiopia zimesimama kama ukingo wa mfereji, na hewa, kama maji, hufuata ukingo wake. Ikisha kubanwa hivyo huongeza mwendo, ikaenda sambamba na pwani badala ya kuingia bara. Juu yake kuna hewa kavu iliyotanda kama kifuniko cha chungu, na unyevu hauwezi kupanda. Hata vilima vyetu huonyesha kanuni hiyo: Mbooni na Kilungu, viinuavyo hewa kidogo, hupata mvua ya milimita kama 1,000 kwa mwaka, na hali nyanda za chini hupata kama nusu yake tu.

Basi, kama milima ndiyo iliyochimba mfereji wa upepo, yatupasa kuuliza: milima hiyo iliinuka lini? Hapa ndipo jiwe la Yatta linapotoa ushahidi.

Yatta ni zaha, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa moto wa ardhi. Miaka milioni 13.5 iliyopita zaha hiyo ilibubujika kutoka upande wa Bonde la Ufa, ikaingia katika bonde la mto wa zamani na kuteremka nalo kuelekea baharini, kisha ikapoa na kuwa jiwe gumu. Kingo za bonde lile zilikuwa laini kuliko zaha. Mvua na mito zikazila kingo kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka, na jiwe likabaki. Kwa hiyo kilichokuwa chini kabisa ya bonde sasa kiko juu, na kile tunachokiona kama ukuta ni sura ya mto uliokufa zamani.

Mwaka 2010 Henry Wichura na wenzake walifanya hesabu juu ya jiwe hili. Zaha ni nzito, wala haitiririki mbali ila penye mteremko wa kutosha. Ili iweze kwenda mwendo mrefu kama ule kabla ya kupoa, hapana budi mahali ilipoanzia pawe juu. Wakaona kwamba, wakati zaha ilipotiririka, nyanda za juu zilikuwa zimekwisha kufikia kimo cha mita 1,400 kwa uchache.

Ushahidi wa pili umetoka mbali na Ukambani, katika nchi kavu ya Turkana, nao ni mifupa ya nyangumi. Mwaka 1964 James Mead aliipata mifupa hiyo mahali paitwapo Loperot. Baadaye ikapotea katika ghala, isionekane kwa zaidi ya miaka 30, mpaka Louis Jacobs alipoipata tena huko Marekani mwaka 2011. Nyangumi huyo aliishi miaka milioni 17 iliyopita. Alitoka baharini akapanda mto, akapotea njia, akafa. Leo mahali hapo pako kilomita 740 kutoka pwani, na kimo chake ni mita 620. Ni dhahiri kwamba nyangumi hawezi kupanda maporomoko. Kwa hiyo siku zile nchi ilikuwa tambarare, karibu sawa na bahari.

Weka mashahidi hawa wawili pamoja. Miaka milioni 17 iliyopita, nchi ya chini. Miaka milioni 13.5 iliyopita, nchi ya juu. Baina ya nyakati hizo mbili, joto lililo chini ya ardhi lilianza kuinua Afrika ya Mashariki, na ukingo wa mfereji wetu ukaanza kujengwa. Wataalamu waliojaribu kuufanyiza ulimwengu kwa hesabu za kompyuta, mara moja pamoja na milima hii na mara moja bila milima hii, wameona kwamba milima isipokuwapo Afrika ya Mashariki hupata unyevu zaidi, na mto wa hewa uendao Bara Hindi hupungua nguvu.

Wala si milima yetu pekee iliyofanya kazi. Yapata miaka milioni 50 iliyopita nchi ya Bara Hindi, iliyokuwa ikisafiri polepole kutoka kusini, iligongana na Asia, na mgongano huo ukainua Himalaya na uwanda wa Tibeti. Zamani ilidhaniwa kwamba uwanda wa Tibeti ukipata joto la jua ndio unaovuta pepo za mvua. Siku hizi wengine husema kazi kubwa ya Himalaya ni kuwa boma, lizuialo hewa baridi na kavu ya kaskazini isiharibu joto la Bara Hindi. Mjadala huo haujaisha. Lakini mashapo yaliyochimbwa chini ya bahari karibu na visiwa vya Maldives yaonyesha kwamba pepo za kusi zilipata nguvu kwa ghafula yapata miaka milioni 13 iliyopita, karibu na wakati wa zaha ya Yatta. Mwanafunzi mwangalifu atasema kwamba mambo mawili kutokea pamoja si hoja ya kutosha kuwa moja ni sababu ya jingine, naye atakuwa amesema kweli. Hata hivyo ni dalili ya kufuatwa.

Sasa tushuke kutoka mamilioni ya miaka, tuje katika miaka ya watu. Wakamba wameiandika historia ya upepo huu kwa majina ya njaa. Njaa kwao ni yua, na kila yua kuu ina jina lake. Baada ya njaa kubwa ya yapata mwaka 1836, baadhi yao walihama wakakaa karibu na Rabai, na wajukuu wao wako huko hata leo. Wengine wakawa wachukuzi na wafanyabiashara mashuhuri. Mmoja wao, Kivoi wa Kitui, alimpokea mmisionari Krapf, naye Krapf akiwa Kitui aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Pembe za ndovu zilizotoka Ukambani zilifika Mombasa, zikapakiwa katika majahazi, na kusi ikazichukua hata Uarabuni na Bara Hindi. Upepo uliowanyima mvua ndio uliowachukulia bidhaa zao.

Mwisho wa karne ya 19 ikaja Ngomanisye, njaa iliyoenea kila mahali, pamoja na nzige, maradhi ya ng'ombe na ndui. Mwaka 1961 ikaja yua ya ndeke, yaani njaa ya ndege, kwa kuwa chakula kiliangushwa kutoka angani. Mwisho wa mwaka ule ule vuli ikanyesha kupita kiasi, barabara zikakatika. Mwaka 1984 watu walikuwa na fedha mkononi lakini chakula hakikuwapo cha kununua, na jina la njaa hiyo likawa maneno ya mtu asemaye kwamba anakufa huku ameishika fedha yake.

Kutojua sababu ya ukame huzaa dhuluma. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliona udongo wa wilaya ya Machakos, ambayo siku hizo ilikuwa pamoja na Makueni, ukichukuliwa na maji. Ikawalaumu wenyeji kwamba wafuga ng'ombe wengi mno, ikawanyang'anya mifugo kwa nguvu. Haikutazama vya kutosha kwamba watu walikuwa wamebanwa katika mipaka ya hifadhi, huku ardhi nyingine ikiwa mikononi mwa walowezi. Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya Wakamba mpaka Nairobi kumtaka gavana awasikilize. Yeye mwenyewe alipelekwa Lamu kufungwa kizuizini, lakini serikali ikaacha kuwanyang'anya watu mifugo. Udongo ulikuwa ukiharibika kweli. Ila mzigo wote wa lawama aliwekwa mtu ambaye hakuuelekeza upepo wala hakuichora mipaka.

Je, kwa kuwa milima haihamishwi, tukae tukilia? La. Elimu ya upepo ina faida. Tangu mwaka 1999 wataalamu wameeleza jinsi bahari ya Hindi inavyobadilika joto: maji ya upande wetu yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, vuli huwa nyingi, kama ilivyokuwa mwaka 1961, 1997 na 2019, mambo yakigeuka, vuli hupungua. Kwa hiyo inawezekana kupata habari kabla ya kupanda.

Na wenyeji hawakungoja wataalamu. Katika Makueni na Machakos, miteremko iliyokuwa imechunwa ngozi imejaa matuta ya fanya juu, ambayo mkulima huchimba mfereji na kuutupa udongo upande wa juu, ili maji yasimame yanywewe na ardhi. Katika Kitui watu hujenga kuta za zege katikati ya mito ya msimu. Mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na ndani ya mchanga maji hukaa mbali na jua. Mtu huchimba kidogo akapata maji miezi mingi baada ya mvua kukoma.

Yatazame tena mambo haya kutoka Kibwezi. Ule ukuta wa Yatta ulikuwa bonde. Maji yaliyokuwa yakikimbilia baharini, leo yanashikwa na matuta na mchanga. Mkulima wa Kitui hawezi kuuamuru upepo umwage mvua shambani mwake. Lakini mvua ile chache ya nthwa inapomfikia, awe tayari na mbegu mkononi, tuta limekwisha chimbwa, na ghala limefagiliwa. Akiba haiozi.